Nilivyoaminiwa na Askari Waliorudi Kutoka Kongo

Ninafanya kazi ya ushauri nasaha mjini Mwanza, na baadhi ya watu ninaowahudumia ni askari wastaafu waliowahi kwenda misheni. Wapo waliotumikia ile brigedi ambayo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiidhinisha Machi 2013 kwa azimio namba 2098, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikaruhusiwa kuyashambulia makundi yenye silaha mashariki mwa Kongo. Mshauri asiyelijua hilo atawaita walinda amani kwa sauti ya kuwabembeleza, nao watamwitikia kwa adabu na wasirudi tena.

Walipoanza kuja, hakuna aliyetaja vita. Walilalamikia presha, kukosa usingizi na ugomvi usiokwisha nyumbani. Mmoja alishikilia kwamba shida yake ni baruti za wapasua mawe mlimani karibu na kwake, na kwamba wakihama hao yeye atapona. Kwa jinsi walivyokuwa wakiitazama kalamu yangu kila nilipoigusa, nilielewa kwamba walichokiogopa ni maandishi. Askari aliye kazini anajua kuwa sentensi moja ya daktari inaweza kumnyang'anya silaha, kumchelewesha cheo au kumkosesha misheni nyingine ambayo posho yake ingesomesha watoto, na mazoea ya kuogopa hivyo hayamtoki mtu siku anapovua magwanda.

Hata kwa majeshi yenye wanasaikolojia wengi hali haitofautiani sana. Utafiti wa Charles Hoge na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu askari wa Marekani waliopigana Iraki na Afghanistan, ulionyesha kwamba kati ya waliokuwa na dalili za maradhi ya akili, waliotafuta msaada walikuwa kati ya asilimia 23 na 40 tu, na kwamba wenye dalili ndio walioogopa zaidi kuonekana dhaifu. Mwanasaikolojia aliyevaa sare ana mzigo ambao mimi raia sina, kwani mgonjwa anamtaka anyamaze na kamanda anamtaka aseme kama mtu huyu anafaa kwenda mstari wa mbele.

Kilichonifungulia mlango ni swali la sajenti mmoja mstaafu, ambaye wenzake bado wanamwita afande: "Daktari, hiyo karatasi inakwenda wapi?" Nilimgeuzia daftari akasoma mwenyewe. Nilikuwa nimeandika tarehe, saa anazolala na dawa ya presha anayotumia. Nikamweleza pia mpaka wa siri yangu, kwamba mtu akinionyesha kuwa anakusudia kujiua au kumuua mwingine sitakaa kimya, na kwamba yeye atakuwa wa kwanza kujua nitazungumza na nani. Nilitarajia sharti hilo limfukuze. Yeye alisema angalau sasa anajua amri zikoje, na baada ya hapo akawaleta wengine, ambao kila mmoja ninamsomea sharti hilohilo kabla hajaketi vizuri.

Siulizi kamwe kama mtu aliua. Naanza na kazi yake ilivyokuwa: doria, lindo, chakula, mvua, nani alikuwa kamanda wa seksheni. Mtu anayeulizwa habari za kazi aliyoimudu huzungumza kama mwenye ujuzi, na yale mazito huyafikia kwa mwendo wake mwenyewe, wakati mwingine baada ya miezi. Desemba nawapigia simu mapema, kwa sababu tarehe 7 Desemba 2017 askari 15 wa Tanzania waliuawa kambi yao ya Semuliki iliposhambuliwa huko Kivu Kaskazini, na hata ambaye hakuwepo siku hiyo huwa ana mtu aliyemfahamu.

Wanaohitaji dawa nawapeleka hospitali ya Bugando, hapa Mwanza. Barua ya rufaa tunaiandika pamoja mezani, na neno ambalo mhusika halikubali tunalijadili kabla sijatia saini.