Seva ya sebuleni Kiboriloni: sasa video inarukishwa

Kwa anayeingia leo: nina laptopu kuukuu juu ya kabati la sebuleni, Kiboriloni hapa Moshi, inayogawa mafaili kwa yeyote aliye kwenye waifai ya nyumbani. Mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita, video za masomo, rekodi za kwaya. Bando haliguswi, maana faili linatoka kwenye laptopu, linapita kwenye ruta, linaingia kwenye simu.

Nilianza na amri tupu ya Python, lugha ya programu:

python3 -m http.server 8000 --directory /home/masomo

Anayehudumia hapo ni SimpleHTTPRequestHandler, karani asiye na maneno mengi. GET, yaani ombi la kupewa faili, ikija anatafuta faili ndani ya folda. Ukiomba folda yenye index.html anakupa hiyo, isipokuwepo anakuandikia orodha, na faili lisipopatikana ni 404, yaani halipo. Aina ya faili anaikisia kwa mwisho wa jina, ndiyo maana PDF zinafunguka bila shida. Ukimletea POST, yaani ombi la kumpelekea data, anajibu 501: kazi hiyo haifanyi.

Kasheshe ikawa video. Kijana wa jirani anaangalia fizikia, anataka kurudia kipande cha katikati, anasogeza kidole, video inaanza upya. "Anko, mbona inarudi mwanzo?" Kwenye iPhone ya mwenzake haikucheza kabisa.

Nikaweka print(self.headers) ndani ya do_GET, inayopokea GET, nione maelezo yanayokuja na ombi, na jibu likajitokeza: Range: bytes=0-1. Simu inaomba kipande tu, tena inapima kwanza kwa baiti mbili. Karani wetu hasomi Range. Anarudisha 200 (sawa) na faili zima, na Safari, kivinjari cha iPhone, ikikosa 206 (jibu la kipande) kwa video inagoma.

Kwa hiyo nimeandika klasi inayorithi ile ya mwanzo na kubadili send_head, sehemu inayofungua faili na kutuma maelezo ya mwanzo ya jibu. Ombi lisipokuwa na Range, linakwenda super().send_head(), yaani ile ya mwanzo, kama kawaida. Likiwa nayo, nafungua faili, nasogea kwa seek hadi baiti inayotakiwa, natuma 206 na mstari kama huu:

Content-Range: bytes 1048576-5242879/83886080

Ncha zote mbili zinahesabiwa, hivyo Content-Length ni mwisho kutoa mwanzo, jumlisha moja: 4194304. Hiyo moja ukiisahau, baiti ya mwisho haifiki. Anayeomba kuanzia nje ya faili anapata 416, yaani kipande hicho hakipo. Nimebadili na copyfile pia, inayomwaga faili kwenda kwa simu, isome hadi mwisho wa kipande tu. Njia ya faili nimeiachia translate_path, maana ndiyo inayozuia mjanja wa kupenyeza ".." (alama ya folda ya juu) kwenye anwani.

Skripti inatumia ThreadingHTTPServer, iliyokuja na Python 3.7. HTTPServer ya kawaida inahudumia mmoja mmoja, na mmoja akivuta video nzito wengine wanasubiri foleni.

Kuna waliosema niifungue hadi intaneti, watu wa Majengo na Pasua nao wafaidi. Hapana. Waandishi wa Python wenyewe wanaonya kwamba moduli hii ya http.server si ya kazi hiyo, ulinzi wake ni wa msingi tu.

Video sasa inarukishwa kwenye simu zote mbili. Kilichobaki ni orodha: inapangwa kwa herufi, kwa hiyo "Somo 10" linatangulia "Somo 2". Fizikia nimeipa majina ya 01, 02 kwa mkono. Kemia ina mafaili mengi mno, nitaiandikia list_directory yangu, sehemu inayoandika orodha.