Mombasa hadi Tanga kwa baiskeli, kurudi kwa tanga: kumbukumbu ya mradi

Mradi wenyewe ni huu: kutoka Mombasa hadi Tanga kwa baiskeli, kisha kurudi kwa bahari kama baharia wa zamu kwenye yoti ya futi 38, baiskeli ikiwa imefungwa ndani. Nchi kavu, Likoni hadi Lunga Lunga, mpakani upande wa Kenya, ni zaidi ya kilomita 90, na kutoka Horohoro, upande wa Tanzania, hadi Tanga mjini ni kama 65. Baharini, bandari hadi bandari, ni karibu maili 70 za baharini.

Swali la kwanza la waendesha baiskeli ni kwa nini tusigeuze, twende kwa yoti turudi kwa baiskeli upepo ukiwa mgongoni. Jibu liko kwenye kusi. Kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi upepo hutoka kusini na kusini-mashariki, na mkondo wa pwani hii huelekea kaskazini mwaka mzima, ila wakati wa kusi huongeza nguvu. Upepo wa mbele barabarani unakupunguzia mwendo, basi. Baharini ukishirikiana na mkondo unaweza kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, usiku kucha, na kukicha taa ya jana bado iko ubavuni. Kwa hiyo mateso yamepewa baiskeli, chombo kikapewa nafuu. Ratiba yote imepangwa kwa kufuata hilo: kazi ya fundi mwisho wa kaskazi, mizigo wakati wa masika, safari mvua zikishapungua mwezi wa Juni.

Mwisho wa kaskazi: fremu na magurudumu

Fremu iliyochaguliwa ni ya chuma, ya mtumba, rimu za inchi 26, breki za kubana rimu. Alumini ni nyepesi, lakini ikipasuka haichomelewi na fundi wa kijijini. Breki za diski nazo hazikuchukuliwa: diski ikipinda kidogo wakati wa kupakia hakuna pa kuinyooshea, ilhali raba za breki za rimu zinapatikana hata madukani pa Ukunda.

Adui wa mradi huu ni chumvi, na chumvi inapenda mahali ambapo metali mbili tofauti zimekutana. Nguzo ya siti ya alumini ndani ya bomba la chuma ndiyo kesi maarufu. Maji ya chumvi yakiingia kati yao, alumini huliwa, unga mweupe huvimba, na baada ya miezi michache nguzo haitoki hata kwa nyundo. Dawa ni kuichomoa, kusugua bomba kwa msasa, kupaka grisi nzito ya boti, kurudisha, na kurudia kila mwezi. Mpira wa tyubu kuukuu, kipande cha sentimita 5, unavutwa kufunika pale nguzo inapoingilia fremu. Vivyo hivyo kwa bolti zote zinazoingia kwenye alumini: hakuna bolti inayofungwa kavu.

Gololi zote zilitolewa zikabadilishwa, maana za zamani zilikuwa na vidoa vya kutu, na gololi yenye kidoa husaga kikombe chake. Hesabu ya kununulia: habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele gololi 10 za inchi 3/16 kila upande, habu ya nyuma 9 za inchi 1/4 kila upande, ekseli ya pedali 11 za inchi 1/4 kila upande. Usinunue mchanganyiko kwa kilo. Zikitofautiana hata kidogo, chache ndizo zinazobeba uzito wote. Kikombe cha kulia cha ekseli ya pedali kinafunguka kwa kuzungusha upande wa saa, na pedali ya kushoto vivyo hivyo. Mafundi wasiokumbuka hili ndio wanaoharibu uzi wa fremu.

Gurudumu la nyuma lina spoki 36, na ndilo linalobeba safari. Spoki hazikatiki kwa uzito peke yake. Hukatika kwa kulegea na kukaza karibu mara 500 kwenye kila kilomita, na hukatikia kwenye kona, pale zinapoingia kwenye habu, upande wa friwili, yaani meno ya nyuma ya cheni. Spoki iliyolegea ndiyo inayokatika kwanza, jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Zote zimekazwa kwa robo mzunguko kwa robo mzunguko, zikigongwa kwa kucha hadi za upande mmoja zitoe mlio unaofanana. Spoki 4 za akiba zimebandikwa kwa utepe kwenye bomba la fremu, pamoja na kifunguo cha friwili, kwa sababu spoki ya upande huo haiingii mpaka friwili itoke.

Tyubu ni za valvu nene, kama ya pikipiki. Valvu nyembamba ina sifa zake, lakini pampu ya fundi wa bodaboda wa Msambweni haiijui. Tairi 26 × 1.95, presha PSI 50 nyuma na 45 mbele.

Masika: mizigo

Mifuko ya baiskeli ya dukani imeachwa. Badala yake ni mitungi miwili ya plastiki ya mafuta ya kupikia, ile ya lita 20 yenye pembe nne, iliyokatwa juu na kuwekewa kifuniko cha plastiki nene chenye bawaba za kamba. Haiingizi mvua, huoshwa kwa ndoo moja ya maji, na ikivunjika unatafuta mwingine.

Kinachoharibika hapa ni matundu. Mtungi ukifungwa kwenye keria kwa bolti na wosha ndogo, kila tuta la barabarani hupanua tundu, hadi siku mtungi unabaki nyuma wewe ukiendelea. Kila bolti ya milimita 6 imewekewa wosha pana ya milimita 30 ndani na nje, na kati ya mtungi na keria pamelazwa kipande cha tairi kuukuu. Bolti ni za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, zile za kwenye boti. Daraja la 304 hung'aa hivyohivyo dukani, ila kwenye maji ya bahari huota vidoa vya kahawia mapema.

Kwa ndani ya mabomba ya fremu, wazee wa majahazi wangesema sifa, yaani mafuta ya papa. Hayo hulinda mbao vizuri, lakini kwa chuma kitakacholala ndani ya kabini iliyofungwa, harufu yake itawafukuza mabaharia kabla ya kutu. Mafuta mepesi ya mashine yamemiminwa kupitia tundu la siti, fremu ikapinduliwa kila upande, kisha ikaachwa idondoke usiku kucha. Tundu dogo chini ya ekseli ya pedali lisizibwe, ndilo linalotoa maji.

Karatasi, kwa kifupi. Baadhi ya manahodha wa yoti huomba cheti cha mafunzo ya msingi ya usalama wa mabaharia: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na wajibu wa baharia. Mafunzo hayo hutolewa Mombasa, Bandari Maritime Academy ikiwemo. La kuangaliwa zaidi ni pasipoti. Anayeingia Tanzania kwa Horohoro na kutoka kwa chombo lazima jina lake liwe kwenye orodha ya mabaharia, na agongewe muhuri wa kutoka Tanga. Bila hivyo, kwenye vitabu vya Uhamiaji bado yuko Tanzania. Beba pia kadi ya homa ya manjano na risiti ya baiskeli.

Juni: barabara

Kivuko cha Likoni kinavukwa alfajiri, baiskeli ikisukumwa kwa mkono. Saa 12 asubuhi unapaswa kuwa umeshaipita Likoni yenyewe, kwa sababu mbili: matatu bado ni chache, na kusi bado imelala. Upepo huanza kuamka kama saa 3 na kufikia ukali wake alasiri. Hadi Ukunda mwendo wa kilomita 18 kwa saa ni rahisi. Baada ya saa 5 mwendo uleule wa miguu unakupa 12 au 13. Gia za mbele 42-32-22 na za nyuma 14 hadi 28 zinatosha kabisa, na ile ndogo ya mbele haitumiki kwa kilima bali kwa upepo.

Barabara ni lami mpaka Tanga. Inapanda na kushuka taratibu, hakuna mlima wa kutisha. Hatari ni ukingo: mahali pengi lami inakatika ghafla na chini yake kuna mchanga, na anayesukumwa nje na lori akijaribu kurudi kwa pembe ndogo, tairi la mbele huteleza kwenye ukingo na kuanguka ni hakika. Ukishatoka nje, baki nje, simama, kisha panda upya. Kati ya Msambweni na Ramisi kuna malori ya miwa. Kioo kidogo kwenye mkono wa kushikia kina faida kuliko taa ya nyuma mchana.

Panchari nyingi za njia hii hazitokani na miiba. Ni nyaya nyembamba kama nywele kutoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Haionekani kwa macho. Pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi, kitanasa. Usipoitoa, kiraka kipya hakitamaliza kilomita moja. Soluseni nayo iachwe ikauke dakika 5 hadi isishike kidole kabla ya kubandika. Na beba kopo jipya lisilofunguliwa, kwani lililofunguliwa hukaukia ndani kwa joto la pwani.

Maji ni lita moja kwa saa jua likiwa juu. Maji matupu kwa siku nzima hayafai: lita moja, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo. Chumvi ikizidi, mwaga, uchanganye upya.

Kulala ni Lunga Lunga, kuvuka mpaka asubuhi. Wenye haraka humaliza kwa siku moja. Hatupendekezi kwa mtu atakayekuwa na zamu ya usiku baharini muda mfupi baadaye, maana usingizi unaodaiwa na miguu hulipwa kwenye usukani.

Tanga: kupakia

Usipakie maji yakiwa yamepwa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa wingi zaidi, tofauti ya maji pwani hii inapita mita 3, na ngazi za chini za gati huwa na ukoga. Subiri maji yajae nusu au zaidi.

Pedali zinatolewa, usukani unageuzwa sambamba na fremu, magurudumu yanatoka. Cheni inaingizwa ndani ya tyubu kuukuu iliyochanwa kwa urefu, kwa kuwa mafuta ya cheni yakigusa tanga hayatoki. Kabla fremu haijaingia kwenye mashua ya mpira, hufungiwa kamba yenye boya. Ikianguka majini, angalau unajua ilipo. Kuipandisha yotini, tumia henza (kamba ya kupandishia tanga) ya akiba, sio mikono ya mtu aliyeinama: fundo moja kwenye bomba la usukani, jingine chini ya siti, na kamba ya tatu ya kuizuia isibembee ikakwaruza ubavu.

Wengi hufunga baiskeli kwenye reli ya nje. Tumelikataa hilo. Huko inaoga chumvi, inanasa kamba za matanga, na mtu anayekwenda omo, mbele ya chombo, gizani anaikumbatia. Mahali pake ni chini, ndani, karibu na mstari wa katikati.

Kuna jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: chuma hupotosha dira. Dira ya mshika usukani kwa kawaida iko mbali, lakini ile ya kielektroniki ya otopaileti, kifaa kinachoshika usukani chenyewe, mara nyingi imefichwa chini ya kitanda au ndani ya kabati, palepale panapoonekana pafaa kulaza fremu. Itafute kwanza. Soma dira fremu ikiwa nje, iingize mahali pake, soma tena yoti ikielekea upande uleule. Tofauti ikizidi digrii 2, hamisha. Digrii 5 ambazo hazikugunduliwa kwa maili 70 ni kama maili 6 pembeni, na upande wa pembeni huo ukiwa wa magharibi, ni mwamba.

Usiku wa bahari

Mwelekeo ni takriban digrii 030, kusi ikija kutoka ubavu wa kulia na nyuma yake kidogo. Chombo kinakwenda vizuri ila kinayumba, kwa hiyo kila kilichofungwa kwa fundo moja kifungwe kwa mawili. Tanga kuu lipunguzwe kabla ya kuondoka hata kama upepo unaonekana mpole.

Kuondoka ni saa 5 usiku. Kwa maili 5 au 6 kwa saa pamoja na msaada wa mkondo, mlango wa Mombasa unafikiwa asubuhi kukiwa na mwanga wa kutosha kuona maji yanapovunjika juu ya mwamba wa Andromache upande wa kusini na Leven upande wa kaskazini. Kuingia kwa mara ya kwanza usiku kunawezekana, taa zipo, lakini meli za Kilindini hazikungojei. Redio ibaki chaneli 16.

Karibu na pwani kuna ngalawa na nyavu zisizo na taa. Kaa angalau maili 5 nje; huko mkondo pia una nguvu zaidi. Zamu ni saa 3 kwa 3, na kila anayetoka nje usiku amefungwa mkanda wa usalama, hata akienda kuangalia kitu kimoja tu.

Baada ya kufika

Bendera ya manjano inapandishwa, na hakuna anayeshuka mpaka Afya ya Bandari, Forodha na Uhamiaji wamalize.

Baiskeli inaoshwa kwa maji baridi ya kawaida siku hiyohiyo, bila mpira wa presha, maana presha husukuma chumvi ndani ya gololi. Cheni inapimwa kwa rula: pini ya kwanza hadi ya 25 inapaswa kuwa milimita 305. Ikifika 306.5, cheni mpya. Ikifika 308, friwili nayo imekwisha kuliwa na cheni mpya itaruka meno.

Yaliyobaki kwenye orodha: waya wa breki ya nyuma, ambao umeanza kukwaruza ndani ya ala yake, raba za mbele, na kubadilisha bawaba za kamba za mtungi wa kushoto, zinalika pale zinapogusa keria.