Gia za boti yangu zilikuwa zinakwama: nilivyolipata tatizo

Tulikuwa tunaingia Mtwapa Creek, mkono wa bahari kaskazini mwa Mombasa, na wageni wanne, maji yanajaa, mkondo unatusukuma kwa ndani. Mita ishirini kabla ya gati nikarudisha mkono wa gia nyutro. Haukutoka. Nikavuta kwa mikono miwili, ukabaki palepale. Nilichoweza kufanya ni kuzima injini kwa ufunguo, na ilipozima tu gia ikaachia kwa kishindo. Mpwa wangu akaruka na kamba, akaikaza kwenye nguzo, tukasimama tukiwa karibu kabisa kuligonga gati. Hakuna aliyeumia, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Ugumu wenyewe haukuanza siku ile. Kwa miezi kadhaa gia ya mbele ilikuwa inaingia kwa mlio wa chuma, na rivasi ilitaka kusukumwa kwa bega. Nilijizoesha, nikasema boti ni ya zamani. Ni ya 1989, futi 19, ya faiba, na inatumia injini ya petroli ya silinda nne, lita 3.0.

Wengi wetu pwani tumezoea mashine ya nje, ile inayofungwa tezini, yaani nyuma ya boti, ikiwa nzima. Yangu ni ya namna nyingine. Injini imelala ndani ya boti kama ya gari, nguvu inapenya ukuta wa tezi, na nje kuna mguu unaobeba gia na propela. Gia zenyewe ziko chini kabisa, majini. Ukisogeza mkono pale kwenye usukani unaendesha kebo mbili zilizoungana: ya kwanza inatoka kwenye mkono hadi kwenye bati lililo juu ya injini, na ya pili inaanzia kwenye bati hilo, inapita tundu la tezi, inaingia kwenye mguu. Laiti ningeujua mpangilio huu mapema.

Fundi wa kwanza niliyemwita aliutikisa mkono mara mbili tatu, akasema klachi ya chini, ile inayoshika na kuachia gia, imekufa, tuagize gia mpya. Bei aliyotaja ilikaribia nusu ya thamani ya boti. Sikubisha, ila nilimwomba muda. Kwanza nikafungua skrubu ya chini ya mguu na kumwaga oili kwenye beseni. Ilikuwa nyeusi kiasi, haikuwa na weupe wa maziwa unaoonyesha maji yameingia. Nikapitisha sumaku ndani yake, ikatoka na tope laini tu, hakuna kipande cha chuma hata kimoja. Gia iliyovunjika meno isingeniachia oili ya namna ile.

Ndipo nikampigia mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye boti za kupeleka wageni kuvua, nimweleze yaliyotokea gatini.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Ulipozima injini, gia iliachia?”

“Iliachia palepale.”

“Basi gia usiiguse. Nenda kwenye bati pale juu ya injini, zitenganishe kebo, halafu sukuma kila moja kwa mkono. Usinipigie kabla hujafanya hivyo.”

Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Nilichomoa pini, nikafungua nati, kebo zikaachana. Nikamwambia mpwa wangu asogeze mkono kwenye usukani: ile ya kwanza ikaenda na kurudi laini kabisa. Nikaja kwenye ya pili. Kwa vidole haikusogea. Nikamtuma azungushe propela taratibu kwa mkono, ili meno ya klachi yasigongane vichwa yakanidanganya, nikaishika kwa ngumi. Ikasogea kama nusu inchi, ikakwaruza, ikasimama. Ilikuwa kama kung'oa msumari kwenye ubao mbichi.

“Mjomba, ndiyo hiyo,” akasema, kabla sijatamka neno.

Nilipoinama kurudisha pini nikaona jambo la pili. Kwenye bati lile kuna swichi ndogo, ya ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Nyaya zake mbili zilikuwa zimekatwa na kuzungushiwa tepu nyeusi, kazi ya mtu aliyeimiliki boti kabla yangu. Swichi hii ndiyo moyo wa mfumo wa aina hii. Injini inapounguruma ikiwa kwenye gia, meno ya klachi yanakuwa yameshikana kwa nguvu ya mzunguko, hayataki kuachana. Unapoanza kutoa gia, ukinzani ule unasogeza kijiti kwenye bati, kijiti kinabonyeza swichi, nayo inakata moto wa plagi kwa muda mfupi sana. Injini inakohoa, mkazo unalegea, meno yanaachana, moto unarudi.

Sasa kebo ikiwa nzito, bati linadhani muda wote kuna ukinzani. Swichi inabaki imebonyezwa na injini inazima kabisa kila unapotoa gia. Naamini ndicho kilichomkuta mwenzangu, akaona dawa ni kukata nyaya. Injini ikaacha kuzima, lakini tangu hapo gia ilikuwa inang'olewa kwa misuli peke yake. Siku ile gatini, ufunguo wangu ulifanya kazi ya swichi ile.

Kebo ya chini haibadilishwi boti ikiwa majini, kwa sababu mguu lazima utoke na tundu la tezi linabaki wazi. Tulingoja bamvua, siku za maji makubwa, na maji yalipojaa tukaipandisha kwenye trela. Kabla ya kuvuta mguu tuliweka gia mbele, kwa kuwa hapo ndipo kiungo cha ndani kinakaa sawa na kuachia. Ukilisahau hili utavuta hadi uvunje kitu. Nati sita, mabomba ya kunyanyulia mguu pembeni, watu wawili wa kuubeba, ukatoka.

Kebo inapita ndani ya mpira wenye mikunjo kama ya kinanda cha mkono. Mpira ulikuwa umepasuka kwenye mkunjo mmoja, na chini yake ganda la kebo lilikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Nilipoikunja kebo hapo, yakatoka matone ya maji ya kutu. Waya wa ndani ulikuwa umevimba, rangi ya udongo. Na ufa huohuo ndio uliokuwa unaingiza maji ndani ya boti: kwa muda mrefu nilikuwa nafua maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti, kila asubuhi, nikidhani ni mvua.

Kebo mpya na mipira nilitumiwa na shemeji yangu aliyeko Dubai. Nilimsisitizia achukue ile ya daraja la juu, maana niliwahi kushika ya bei ya chini dukani, mpya kabisa, na tayari ilikuwa nzito mkononi. Nati ya shaba inayoishika kebo kwenye mguu haina nafasi ya spana ya kawaida. Tulichukua soketi ndefu ya zamani tukaikata mfereji kwa grainda ili kebo ipite. Tulipaka dawa ya kuzuia maji kwenye nyuzi zake. Kwa kuwa mguu ulikuwa chini, nilibadilisha mipira yote, nikaizungusha beringi ya tezini kwa kidole nikaikuta laini, nikapaka grisi kwenye meno ya shafti. Oili mpya ya mguu tuliisukuma kutoka tundu la chini hadi ikatokeza la juu, maana ukiimimina kwa juu hewa inanaswa ndani.

Marekebisho ya kebo yalichukua mchana mzima, na hapo sikuwa na haraka. Gia ikiwa mbele, propela inatakiwa izunguke upande mmoja ikilia tik tik na igome upande wa pili. Ikiwa rivasi, igome pande zote mbili. Nilirudia mpaka ikawa hivyo kila mara. Nyaya za swichi nikaziunga kwa risasi ya kulehemu. Mwisho nikapima mizunguko ya injini ikiwa nyutro: ilikuwa 900 kwa dakika, nikaishusha hadi 650. Mizunguko ikiwa juu, hata kebo mpya itaingiza gia kwa kishindo. Nami nikaacha tabia ya kuingiza gia polepole kwa huruma, kwa sababu meno haya yanasagika yakigusanishwa taratibu. Mkono unasukumwa mara moja, bila kusita.

Tulishusha boti bamvua iliyofuata. Nikaenda hadi karibu na mlango wa creek, nikageuza, nikaja gatini na mkondo uleule. Mita ishirini, nikarudisha mkono kwa vidole. Injini ikakohoa mara moja, ikaendelea kuunguruma, na gia ikawa nyutro.

Jioni nikampigia mzee.

“Imekohoa?”

“Imekohoa, mzee.”

“Basi ni nzima. Kesho niletee hiyo kebo ya zamani niione.”