Nilivyoacha kuogopa kuongezewa saa kazini

Mkongo akifika hapa Kentucky, wenzake humpa ushauri mmoja wiki ya kwanza, kabla hata hajajua kupanda basi: "Usikubali saa nyingi. Haozing watazila zote." Haozing ndivyo tunavyoziita nyumba za serikali, hizi za matofali mekundu ambazo nami niliishi na wanangu watatu baada ya kutoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania.

Ushauri huo si uongo. Katika nyumba za umma za Marekani, kodi yako kwa kawaida ni asilimia 30 ya kipato, baada ya kuondoa makato madogo madogo. Wakati wangu yalikuwa dola 480 kwa mwaka kwa kila mtoto. Kipato kikipanda unaripoti, na kodi nayo inapanda. Mwaka 2016 nilikuwa nasafisha vyumba hotelini, saa 22 kwa wiki, dola 9.50 kwa saa. Kodi yangu ilikuwa dola 236. Meneja alinipa saa kamili mara mbili, na mara mbili nikakataa kwa kusingizia mgongo. Mgongo ulikuwa mzima. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: katika kila dola kumi za nyongeza, tatu ni za haozing, fudi stempu, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula, nazo zitapungua, na watoto watashinda peke yao. Nikaona heri nilale.

Siku moja nikakuta karatasi imechomekwa mlangoni, inaita watu kwenye mpango wa Family Self-Sufficiency, yaani familia kujitegemea, ambao wote pale tuliuita FSS. Nilikwenda kwa sababu walisema kutakuwa na chakula. Mratibu alikuwa mama mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa. Kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu, alipiga simu kwa mkalimani. Mkalimani akatafsiri kwamba nitafunguliwa "akaunti ya dhamana". Nikashtuka. Kwetu dhamana ni ya mtu aliye mahabusu! Nikajiuliza nimeshtakiwa lini, na nani. Yule mama aliponiona uso umebadilika akakata simu, akavuta karatasi, akachora nyumba upande mmoja na kopo upande wa pili. Akaandika 236 kwenye nyumba. Akaniuliza ningelipwa ngapi nikipata kazi kamili, akabonyeza kikokotoo, akaandika 596. Kisha akachukua tofauti, dola 360, akachora mshale kutoka kwenye nyumba mpaka kwenye kopo, na juu ya kopo akaandika jina langu.

Nilielewa mara moja. Ilikuwa likelemba, upatu wetu wa Kongo. Kila mwezi unatoa, zamu yako inakusubiri mbele, ila hapa mwenye kushika kapu ni ofisi ya nyumba na zamu yako inakuja baada ya miaka mitano. Unalipa kodi mpya yote, 596, hakuna punguzo. Lakini kile kilichoongezeka kwa sababu ya kazi yako kinawekwa kwenye akaunti, kinazaa riba kidogo, na ukimaliza mkataba unapewa ukatumie upendavyo. Ukishindwa kumaliza, huna chako.

Hapo watu wengi wanachanganya, kwa hiyo niseme wazi. Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, yaani HUD, hutoa ruzuku kwa ofisi za nyumba kwa ajili ya mpango huu, lakini ruzuku hiyo haiji mkononi mwa mpangaji. Inalipa mshahara wa mratibu. Ukienda ukiuliza "pesa za FSS zinagawiwa lini," watakushangaa. Sheria yenyewe ni ya mwaka 1990, na kujiunga ni hiari. Kwamba sheria ya umri huo majirani zangu wengi hawakuwahi kuisikia, mimi sina la kuongeza.

Shemeji yangu alikataa katakata. "Tangu lini mwenye nyumba akakurudishia kodi?" Simlaumu. Tulivuka Tanganyika mwaka 1996 tukiwa watoto, tukakulia kambini kwenye foleni za mahindi. Mtu wa kambini anajua kwamba kila karatasi unayotia sahihi ina mtego wake. Mimi nilitia sahihi Aprili 2017 kwa sababu niliona nikishindwa sitapoteza kitu ambacho tayari ninacho. Mkataba ulidai mambo machache: mkuu wa familia atafute kazi na adumu nayo, atimize malengo aliyojiandikia, na mwishoni familia nzima iwe imekaa miezi 12 bila kupokea msaada wa fedha taslimu, ule ambao Kentucky unaitwa K-TAP. Fudi stempu na kadi ya matibabu hazikuhusika. (Kanuni zilibadilishwa mwaka 2022, hiyo miezi 12 wameiondoa, siku hizi inatosha kuwa huupokei wakati wa kuhitimu.)

Lengo langu la kwanza lilikuwa Kiingereza, la pili cheti cha msaidizi wa wauguzi. Kiingereza kilinila mwaka mzima. Mtihani wa cheti nao ulinishinda mara ya kwanza, na nakumbuka kosa lenyewe. Ilinipasa kumhamisha "mgonjwa" kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Nilinawa mikono vizuri, nikamweleza kila ninachofanya, nikamfunga mkanda, nikamwinua kwa magoti kama tulivyofundishwa. Kiti kikateleza nyuma kidogo, kama kiganja kimoja hivi. Sikuwa nimefunga breki. Msimamizi hakusema neno, aliandika tu. Nililia ndani ya basi mpaka mzee mmoja akanipa tishu. Mara ya pili nilifunga breki, nikazigusa tena, nikazigusa tena.

Septemba 2018 nilianza kazi kwenye nyumba ya wazee, dola 13.50 kwa saa, saa 36 kwa wiki. Kodi ikapanda mpaka 596, vilevile kama ilivyoandikwa kwenye ile karatasi ya kopo. Majirani walinihurumia. Mama mmoja wa Fizi, Kongo, aliniletea sombe, yaani kisamvu, akidhani nimefiwa na pesa.

Sitasema mambo yalinyooka. Katika miaka mitano nilipitia waratibu watatu. Huyu akihama anakuja mwingine asiyekujua, unaanza hadithi upya. Mwaka wa pili nilipopewa taarifa ya akaunti, miezi miwili haikuwemo. Ofisi ikasema sikuleta karatasi za mshahara. Nilikuwa nimezileta, tena nimegongewa muhuri wa kupokelewa, na nakala zilikuwa kwenye kopo la biskuti juu ya friji. Nikaenda na kopo lenyewe. Binti wa dirishani alikagua nakala moja moja huku foleni ikinuna nyuma yangu, na dola 720 zikarudi. Ukijiunga, nunua kopo kwanza.

Mwaka 2019 gari langu lilikufa gia katikati ya barabara. Bila gari hakuna zamu ya saa kumi na mbili asubuhi. Nikauliza kama naweza kutoa sehemu ya akiba, wakasema inawezekana ikiwa inasaidia lengo la mkataba na umeshatimiza hatua zako za katikati. Walinipa dola 1,180. Shemeji alipoona hundi hiyo akanyamaza siku mbili.

Halafu ikaja korona. Shule zikafungwa, nikapunguza saa, kodi ikashuka, na kwa miezi mitatu hakuna kilichoingia kwenye akaunti. Kazini tulizika wazee niliowalisha kwa mkono wangu. Hilo nitaliandika siku nyingine, au sitaliandika.

Aprili 2022 nilitia sahihi karatasi za kumaliza. Hundi ilikuwa dola 13,391. Niliitazama ndani ya gari, madirisha yamefungwa, nikaisoma kwa sauti kwa Kiswahili: elfu kumi na tatu, mia tatu tisini na moja. Haikukatwa kodi ya mapato.

Niliitumia kama malipo ya awali ya nyumba ndogo ya vyumba vitatu. Benki waliangalia pia historia yangu ya madeni, na kumbe deni la tiketi ya ndege ndilo lililoniokoa. Sisi wakimbizi tunakuja kwa mkopo wa tiketi, hauna riba, na miezi michache baada ya kufika tunaanza kuulipa. Wengi wanaupuuza. Mimi nilikuwa nalipa kila mwezi bila kuruka, kwa woga tu, nikidhani watanirudisha, na ule woga ukanijengea jina zuri.

Nyumba ina choo kinachovuja na jirani mwenye mbwa watatu. Malipo ya benki ni dola 743 kwa mwezi. Desemba ile ya kwanza meneja alitafuta mtu wa kushika zamu za Krismasi kwa malipo ya mara moja na nusu. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Nilifanya zamu nne mfululizo. Mwisho wa mwezi mshahara ulipoingia nikaitia karatasi yake kwenye kopo la biskuti, kwa mazoea, kisha nikakumbuka kwamba hakuna dirisha la kuipeleka.