Mtundulu wa Nyuma ya Mwamba

Likizo moja ya Desemba, nikiwa na miaka 11, baba alinipa panga nikakate miiba ya kuziba pengo la zizi. Kwetu Igombe, kando ya Ziwa Victoria, miiba ya zizi ni mtundulu. Kwa Kiswahili unaitwa mkulagembe, na aliyewahi kuung'oa kwa jembe hahitaji kuelezwa kwa nini.

Kichaka cha karibu kilikuwa nyuma ya mwamba, pale mijusi yenye vichwa vyekundu huota jua. Kilikuwa kimechanua. Ua la mtundulu huning'inia kama brashi ndogo: juu zambarau iliyopauka, chini njano ya kiini cha yai. Hadi leo sijaona ua zuri kulishinda hilo. Nyuki walikuwa wakivuma humo.

Mwiba wake ni kijitawi kilichochongoka, wakati mwingine kina majani yake, na hutoboa ndala hadi unyayoni. Nilipoangusha matawi manne hivi nikamwona panzi ametundikwa mwibani, umempita kifuani, mguu mmoja bado unacheza. Ndani zaidi kulikuwa na kikombe cha nyasi na makinda matatu, midomo wazi. Mbwigu, ndege mweusi mgongoni na mweupe kifuani, alikuwa juu ya mwamba akinipigia kelele. Panzi alikuwa akiba yake.

Ningeondoka. Lakini jioni ng'ombe wangerudi na zizi liko wazi. Nikakata kukizunguka kiota, nikaacha tawi lake na mengine mawili, nikaenda zangu nikiamini nimewahurumia.

Asubuhi nilikuta kunguru wawili wametua palepale. Jana yake wasingeweza kuingiza hata bawa. Kiota kilikuwa kitupu. Panzi alikuwa bado mwibani, amekauka.

Nilimwendea bibi nikilia. Akauliza, "Uliacha matawi mangapi?"

"Matatu, bibi."

Akanyamaza, akaendelea kuanika dagaa.

Mvua zilipokolea visiki vilichipua, na machipukizi mengine yakatoka mizizini, hatua kadhaa kutoka kwenye shina. Mtundulu ukikatwa huongezeka. Baba hakuwa na wasiwasi nao.

Mwaka uliofuata nilipopewa panga tena, niliupita mwamba nikaenda hadi mitundulu ya bondeni, mwendo wa nusu saa. Nilirudi jua linazama, nikiburuta mzigo, mikono imechanika hadi viwikoni. Baba akauliza nilikuwa wapi muda wote huo.