Siku nilipomzimia Mama Mwalimu apdeti

Mwaka 2006 nilikuwa na meza moja, bisibisi mbili na boksi la CD kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya umeme hapa Mwanza, si mbali na Makoroboi. Kazi iliyonilisha ilikuwa kupiga windo, yaani kuweka Windows, mfumo unaoendesha kompyuta. Mtu analeta kompyuta imekufa, unaifuta, unaipiga upya, unapokea chako. Nimeona niandike haya kwa sababu vijana wanaofanya kazi hiyo leo wanarudia kosa nililolifanya mimi, tena kwa nia njema ileile.

Nilikuwa na mteja, mwalimu mstaafu aliyefungua steshenari. Mtaa mzima tulimwita Mama Mwalimu. Kompyuta yake ilikuwa ya mtumba, na ubavuni ilikuwa bado na ile stika yenye herufi na namba 25 za leseni ya Windows. Maana yake kuna mtu huko Ulaya alishailipia Windows XP yake kihalali kabla mashine haijapakiwa kwenye kontena. Lakini aliyemuuzia Mama Dar es Salaam alikuwa ameifuta na kuipiga upya kwa CD ya kuchoma, zile ambazo namba moja inazunguka kwenye mashine zisizohesabika. Mama hakujua lolote. Alitoa fedha taslimu, akapewa na risiti.

Siku moja alinitumia mtoto aje kuniita mbio. Chini kulia, karibu na saa, kulikuwa na ujumbe kwamba nakala ile ya Windows si halali na kwamba huenda ameuziwa bandia. Kwenye benchi walikuwa wamekaa wanafunzi wawili wakisubiri kuchapiwa kazi zao.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "hiki kitu kinaniita mwizi mbele za watu?"

Nilifanya kile ambacho kila fundi niliyemjua alikifanya. Nilitafuta njia ya kuuondoa ujumbe, kisha nikaingia kwenye mipangilio nikazima apdeti zote, yale marekebisho ambayo kompyuta hujipakulia yenyewe. Nikamwambia: "Mama, chochote kikikuomba apdeti, kikatalie." Akanishukuru sana, akanipa na soda.

Kwa nini sote tulikimbilia kuzima? Ujumbe ule ulitoka kwenye ukaguzi wa kuona kama Windows yako ni halali, ulioitwa Windows Genuine Advantage. Microsoft, wenye Windows, waliuanza kwa majaribio mwaka 2004, na Julai 2005 wakaufanya wa lazima kwa anayetaka kupakua vitu kwenye tovuti yao. Hapo bado lilikuwa jambo la kueleweka: umeenda kwa mwenyewe, anakuuliza karatasi zako. Shida ilianza Aprili 2006, walipoupitisha ndani ya apdeti za kujiendesha, njia ileile inayoleta viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu wanayopitia virusi, ukiwa umepewa uzito kama wa viraka vyenyewe. Juni mwaka huohuo ikajulikana kwamba programu ile ilikuwa inawasiliana na seva za kampuni kila siku bila mwenye kompyuta kuambiwa waziwazi. Microsoft wakakiri, wakaondoa mawasiliano yale ya kila siku, na huko Marekani wakafunguliwa kesi. Lakini habari ilikuwa imeshafika mpaka vibarazani kwetu, na ilifika ikiwa fupi: apdeti inakuchunguza.

Waliokua vijijini wakati wa kodi ya kichwa watanielewa. Mgambo akionekana, wanaume waliingia porini. Sasa fikiria muuguzi wa chanjo angekuwa anafika kila mara kwenye baiskeli moja na mtoza kodi. Nani angemtoa mtoto wake nje?

Na hata wenye karatasi zao hawakuwa salama. Agosti 2007 seva za ukaguzi zilipata hitilafu, na kwa karibu saa 19 watu walionunua kihalali wakaambiwa mifumo yao ni bandia. Microsoft walisema mashine zilizoguswa hazikufika 12,000. Ni chache ukilinganisha na dunia, lakini kwangu hesabu si hoja. Mtu alilipa, akaamka ameitwa mwizi, na hakuwa na pa kujitetea.

Sasa angalia tarehe hizi mbili, maana mimi zimenikaa kichwani mpaka leo. Tarehe 20 Oktoba 2008, nchini China, kompyuta zilizoshindwa ukaguzi zilianza kugeuzwa rangi ya nyuma ya skrini kuwa nyeusi tii, na ukiibadilisha inarudi baada ya saa moja. Watu walikasirika sana. Siku tatu baadaye, tarehe 23, Microsoft hao hao wakatoa kwa dharura kiraka cha tundu baya mno, kinachojulikana kama MS08-067. Yaani wiki ileile ambayo dunia ilikuwa inafundishwa kuogopa apdeti ndiyo wiki iliyoihitaji zaidi. Novemba kirusi cha Conficker kikaanza kupita kwenye tundu hilo, na aina yake iliyofuata ikajifunza kupanda kwenye flashi.

Steshenari inaishi kwa flashi. Mapema 2009 Mama alinipigia kwamba mashine imekuwa nzito na tovuti ya antivairasi haifunguki. Nilipofika nilikuta kirusi kimeshakaa muda mrefu. Kila mwanafunzi aliyechomeka flashi yake pale alikuwa ameondoka nacho. Chuoni walishaanza kupaita "kwa virusi", na benchi lilikuwa tupu. Tundu lile lilikuwa na kiraka tangu Oktoba. Kiraka hicho kisingeweza kuingia, kwa sababu mimi ndiye niliyefunga mlango.

Kitu kinachoniuma zaidi nilikisoma baadaye: viraka muhimu vya usalama havikuwa vinanyimwa walioshindwa ukaguzi. Vilikuwa vinakuja vyote kwa njia ya kujiendesha. Lakini kwa fundi wa kibarazani, mwenye intaneti ya setilaiti ya kulipia kwa saa, nani alinieleza hivyo kwa lugha ninayoielewa? Nilichokiona mimi ni mteja wangu akidhalilishwa.

Nilihangaika wiki mbili kutafuta CD inayolingana na stika ile. Nikaifuta mashine, nikaandika zile herufi na namba 25 moja moja, ikakubali. Mama alisimama nyuma yangu akitazama. "Kumbe haki yangu ilikuwa hapa ubavuni siku zote?" Sikuwa na jibu.

Sitetei wizi. Anayeandika programu anastahili kulipwa kama anayeshona suti. Na niliona Windows 10 ilishika njia ya kiungwana zaidi: usipoisajili uliachiwa maandishi kwenye kona na kunyimwa kubadili picha ya nyuma, ila viraka vya usalama viliendelea kuja mpaka muda wake ulipokwisha Oktoba 2025. Ingekuwa hivyo tangu 2006, nisingemwambia Mama vile.

Mwezi uliopita kijana ameniletea laptopu, ana ofisi yake ndogo ya kuchapa. Kabla sijaifungua akanidaka mkono: "Fundi, shikamoo, naomba usije ukawasha apdeti. Itajua." Nikavuta kiti, nikamwambia akae. Tuliziwasha pamoja, tukaziangalia zikishuka moja baada ya nyingine mpaka jioni.