Faharasa ya majarida ya stempu inayojibu unachouliza

Mkusanyaji wa stempu za Zanzibar mwenye kabati la majarida ya miaka 30 anaujua mtihani huu. Makala kuhusu posta ya Wafaransa hapa Unguja imo humo, tena ina picha za mihuri, lakini imo katika toleo lipi? Jarida la kila mwezi kwa miaka 30 ni matoleo 360, na hakuna mtu wa kuyapekua yote kila linapozuka swali. Orodha ya yaliyomo ukurasa wa mbele haisaidii sana, kwani vichwa vya makala huandikwa vivutie. Makala nzima ya stempu za India zilizopigwa chapa ya Zanzibar mwaka 1895 inaweza kuwa na kichwa kisichotaja India, wala Zanzibar, wala stempu.

Dawa yake ni kanzidata ndogo yenye uwezo wa kutafuta maneno. Tunapendekeza SQLite, ukiiendesha kwa programu ya DB Browser for SQLite. Zote mbili ni za bure, hazihitaji intaneti, zinakwenda vizuri kwenye kompyuta ya zamani, na faharasa nzima inakaa katika faili moja tu unaloweza kulitia kwenye flashi. Jedwali la Excel linatosha kwa matoleo 20 au 30. Baada ya hapo linakwama, kwa sababu makala moja inagusa stempu nyingi na stempu moja imeandikwa katika makala nyingi, na jedwali moja halichukui uhusiano wa namna hiyo bila ya kurudiarudia mistari.

Tengeneza majedwali matatu. La kwanza, toleo: jina la jarida, juzuu, namba, tarehe, mahali lilipo, na maelezo. La pili, makala: toleo ilimo, ukurasa wa kuanzia na wa kumalizia, kichwa, mwandishi, muhtasari, maneno ya faharasa, halafu mwaka wa kuanzia na mwaka wa kuishia. La tatu, namba za stempu zilizotajwa, kila namba na katalogi yake (kitabu kinachoorodhesha stempu na kuzipa namba), pamoja na makala ilimotajwa. Kila jedwali liwe na safu ya id, yaani namba ya utambulisho ya kila mstari. Safu ya toleo_id ndani ya jedwali la makala ndiyo inayoifunga makala na toleo lake, na safu ya makala_id ndani ya jedwali la tatu inaifunga namba na makala yake.

Safu za mwaka ndizo watu wengi wanazozisahau, nazo ndizo zenye faida kubwa. Tarehe ya jarida ni kitu kimoja, na miaka inayozungumzwa ndani ya makala ni kitu kingine. Makala iliyochapishwa 1975 kuhusu posta ya Wafaransa inaingia 1889 na 1904, kwa sababu ndiyo miaka ofisi ile ilipofanya kazi hapa. Ukitaka kila kilichoandikwa kuhusu mwaka 1895, unaomba makala ambazo mwaka wa kuanzia haujapita 1895 na mwaka wa kuishia si wa kabla ya 1895. Jibu litaleta mambo ambayo huenda hukuyafikiria: Wafaransa walikuwa bado wapo, posta ya India ndiyo inaondoka, na ya Zanzibar ndiyo inaanza.

Tarehe ya toleo iandike kwa mtindo mmoja tu, mwaka kisha mwezi: 1973-07. SQLite inaihifadhi kama maandishi, na kwa mtindo huo zinajipanga zenyewe kwa mfuatano sahihi. Toleo la miezi miwili pamoja liandike kwa mwezi wa kwanza, na neno "Julai na Agosti" liweke katika safu ya maelezo. Kama unaanza kuingiza katika Excel ili baadaye uhamishe kwa faili la CSV, ipe safu nzima mpangilio wa maandishi kabla hujaandika herufi ya kwanza. Usipofanya hivyo, toleo namba 3/4 litageuka tarehe, na ukija kugundua umeshaingiza mia mbili hakuna njia rahisi ya kuirudisha namba ya asili.

Sasa tuje kwenye maneno, maana hapa ndipo faharasa inapopona au kufa. Programu hutafuta ulichokiandika, haitafuti ulichokusudia. Waandishi wa Kiingereza hutumia jina Zanzibar kwa mji, kwa kisiwa na kwa nchi nzima bila ya kutofautisha, kwa hivyo makala ya mihuri ya Pemba inaweza kuwa imezama chini ya kichwa chenye Zanzibar tu. Amua tangu mwanzo: "Unguja mjini" kwa mji, "Unguja" kwa kisiwa, "Pemba" kwa Pemba, na "Zanzibar" kwa mambo ya nchi yote. Wete utaikuta katika maandishi ya zamani kama Weti. Majina ya masultani nayo yana mtihani wake, kwani Hamad bin Thuwaini utamkuta Hamed, na Ali bin Hamud utamkuta Hamoud. Chagua tahajia moja, iweke kwenye karatasi iliyobandikwa mbele ya kompyuta, na kila makala iandike kwa hiyo katika safu ya maneno. Kichwa cha makala kiache vilevile kilivyochapwa, makosa yake na yote.

Orodha yenyewe ya maneno isiwe ndefu. Maneno 100 hadi 150 yanatosha kwa stempu za nchi moja: muhuri, chapa ya juu, kosa la chapa, alama ya maji, meno, bahasha, posta ya meli, posta ya ndege, deni la posta, kughushi, udhibiti wa barua wakati wa vita, na kadhalika. Kila makala ipate maneno matano hadi kumi. Ikipata mawili hutaiona unapoihitaji, na ikipata ishirini itakuja kila mara hata usipoitaka.

Muhtasari uandike kwa Kiswahili hata kama makala ni ya Kiingereza. Kichwa cha asili tayari kina maneno ya Kiingereza, kwa hivyo ukiongeza muhtasari wa Kiswahili unaweza kutafuta kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Hivi ndivyo unavyofaa kuwa: "Posta ya Ufaransa Unguja mjini 1889–1904. Stempu za Ufaransa za kawaida, halafu zilizopigwa thamani ya anna kuanzia 1894. Aina za mihuri, dalili za kughushi. Picha 9." Sentensi fupi kavu, hakuna sifa. Idadi ya picha iandike daima, kwa sababu mara nyingi unachotafuta ni picha ya kulinganisha na stempu iliyo mkononi mwako.

Namba za katalogi ni uwanja mwingine wa makosa. Stanley Gibbons wa Uingereza wana namba zao, Scott wa Marekani wana zao, Michel wa Ujerumani na Yvert et Tellier wa Ufaransa vilevile. Andika namba aliyoitumia mwandishi na jina la katalogi yake, usiibadilishe kichwani kwenda ya katalogi nyingine. Safu ya namba iwe ya maandishi, maana namba nyingi zina herufi nyuma yake. Na mwandishi akiandika 310–22, wewe ingiza 310 katika safu ya kuanzia na 322 katika safu ya kuishia. Ukiinakili kama ilivyo, anayetafuta 315 hataipata milele.

Majedwali yakishakuwa tayari, tengeneza jedwali la kutafutia. Sehemu ya SQLite inayofanya kazi hii inaitwa FTS5, na amri zake ni hizi mbili:

CREATE VIRTUAL TABLE tafuta USING fts5(kichwa, mwandishi, muhtasari, maneno, content='makala', content_rowid='id');

INSERT INTO tafuta(tafuta) VALUES('rebuild');

Majina ya safu hapo ndani lazima yawe sawasawa na yale ya jedwali la makala, herufi kwa herufi. Ukiambiwa hakuna moduli ya fts5, toleo la programu uliyonayo ni la zamani, pakua jipya. Amri ya pili irudie kila unapomaliza kuingiza makala. Jedwali la kutafutia halijisasishi lenyewe kwa mpangilio huu, na malalamiko ya kwamba "nimeiingiza lakini haionekani" aghalabu asili yake ni hapa. Kwa makala elfu chache kazi hiyo ni ya muda mfupi sana.

Kutafuta kwenyewe ni hivi:

SELECT t.jarida, t.tarehe, t.mahali, m.ukurasa, m.kichwa FROM tafuta JOIN makala m ON m.id = tafuta.rowid JOIN toleo t ON t.id = m.toleo_id WHERE tafuta MATCH 'ufaransa AND muhuri' ORDER BY rank;

AND, OR na NOT ziwe kwa herufi kubwa. Ukiandika kwa herufi ndogo zinachukuliwa kama maneno ya kutafutwa, na mara nyingi jibu linakuja tupu. Ukitaka neno litafutwe katika safu moja tu, tanguliza jina la safu na nukta mbili: 'maneno : pemba'.

Jaribu sasa kutafuta Ng'ambo. Utapata kosa la sintaksia, yaani la mpangilio wa amri, papo hapo, kwa sababu FTS5 haikubali ritifaa katika neno lisilofungwa. Neno lenye ritifaa, kistari au mabano lifunge kwa alama mbili za kunukuu, na ritifaa yenyewe ndani ya amri iandike mara mbili: MATCH '"ng''ambo"'. Ndani yake programu inalikata neno kuwa "ng" na "ambo" zinazofuatana, na hilo halina dhara. Hata makala iliyoandikwa kwa ritifaa iliyopinda, kama simu nyingi zinavyofanya, itapatikana vilevile.

Shida kubwa zaidi ni ya lugha yetu wenyewe. Programu nyingi za kutafuta zimetengenezwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mwishoni, kwa hivyo alama ya nyota hukamata mwanzo wa neno na kuacha mwisho wazi. Kiswahili hubadilika mbele: muhuri, mihuri, anapiga, walipiga, zilizopigwa. Nyota haikufikishi popote hapo. Kinga ya kwanza ni kuandika maneno ya faharasa kwa umoja siku zote. Ya pili ni kutengeneza jedwali la pili la kutafutia, lenye jina jingine, kwa kuongeza tokenize='trigram' mwishoni mwa orodha ya safu. Uwezo huu umo kuanzia SQLite 3.34. Hilo hukata maandishi vipande vya herufi tatu tatu, na ukitafuta "huri" linaleta muhuri na mihuri pamoja. Usilifanye ndilo la pekee. Kwanza, neno lenye herufi mbili halitafutiki humo. Pili, linabeba na visivyotakiwa: ukitafuta "meli" litakuletea kila kichwa cha Kiingereza chenye neno "timeline". Na ritifaa iliyopinda na iliyonyooka humo ni herufi mbili tofauti.

Jedwali hilohilo la vipande linafaa sana kwa makosa ya chapa. Katika stempu za India zilizopigwa chapa mwaka 1895 na 1896 kuna zinazosomeka "Zanzidar" na "Zanibar", na wakusanyaji huzitafuta kwa bidii. Anayetafuta "zanzibar" katika jedwali la kawaida hazipati. Kwa vipande, "zanzi" inakamata ya kwanza, lakini ya pili haiikamati, kwa hivyo makala za namna hii zote zipe pia neno "kosa la chapa". Kwa sababu hiyohiyo kuziskani kurasa na kuiachia kompyuta isome maandishi hakuchukui nafasi ya faharasa, ingawa ni msaada mzuri.

Upande wa karatasi: fanya kazi hii Kusi likishatulia, Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Wakati wa masika karatasi laini ya kung'aa hunyonya unyevu, kurasa zinagandana, na ukizivuta zinachanika na picha zake. Zilizogandana ziache zikauke kwenye upepo kivulini. Pini za chuma zilizoota kutu zitoe taratibu kabla hazijaila karatasi. Namba ya mahali, kama K2-B05 kwa kabati la pili boksi la tano, iandike kwa penseli laini juu ya jalada, isiwe kwa kalamu ya wino. Maboksi yasiguse ukuta wala sakafu, hasa katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe ambazo kuta zake hutoa unyevu na chumvi. Mbao mbili chini yake zinatosha, nazo zinakuwezesha kuwaona mchwa mapema.

Anza na matoleo kumi tu, kisha jiulize maswali kumi ya kweli uone kama faharasa inajibu. Safu inayokosekana ni rahisi kuongeza ukiwa na makala 80. Ukiwa na 2,000 inabidi kulifungua kila jarida upya. Makala inayoendelea toleo hadi toleo, kila sehemu ipate mstari wake na namba moja ya mfululizo inayoziunganisha. Na usishangae kukuta ukurasa 412 katika jarida la kurasa 40: majarida mengi huhesabu kurasa kwa juzuu nzima, nawe andika hiyohiyo 412.

DB Browser haihifadhi kitu mpaka ubonyeze Write Changes, au Ctrl na S. Umeme ukikatika kabla ya hapo, kazi yote tangu ulipobonyeza mara ya mwisho imekwenda. Bonyeza kila ukimaliza toleo moja. Nakala ya akiba ichukue programu ikiwa imefungwa, kwa sababu ikiwa wazi huenda kando ya faili kuu lipo faili jingine dogo lenye mabadiliko ambayo bado hayajaingia. Nakala moja ibaki kwenye flashi nyumbani, nyingine iende kwa mtu wa ng'ambo ya mkondo, Chake Chake au Wete, na kila inapopelekwa mpya jina la faili liwe na tarehe yake: stempu-2025-08-14.db.